Mwalimu Kabla ya Urais: Miaka ya Chaki ya Julius Kambarage Nyerere

Si jambo geni katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kumsikia mhitimu akikiri kuwa amejiingiza katika ualimu kwa kukosa kazi nyingine. Ualimu umefanywa kuwa daraja. Mtu huupitia akielekea kwingine, na akishavuka hageuki nyuma. Ndiyo maana maisha ya Julius Kambarage Nyerere huwatatiza wengi wanaoyasoma kwa makini. Huyu alikuwa rais wa kwanza wa Tanzania, akaongoza nchi yake kwa zaidi ya miongo miwili, akapewa shahada za heshima na vyuo vya mabara kadhaa. Pamoja na hayo yote, jina aliloitwa na wakubwa kwa wadogo hadi kaburini lilitokana na kazi aliyoifanya kwa miaka ambayo, ikijumlishwa, haitimii sita.

Maandishi mengi kuhusu Nyerere huikimbilia siasa: uhuru, Muungano, Azimio la Arusha, vijiji vya Ujamaa. Miaka ya chaki hupewa aya moja au mbili, mithili ya mtu anayesafisha koo kabla ya kuanza hotuba. Makala haya yanaigeukia miaka hiyo, kwa sababu ndani yake mna maamuzi matatu ambayo kila mhitimu anayeshika chaki hukabiliana nayo kwa namna fulani, nayo ni afundishe wapi, kwa malipo gani, na aache lini.

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, mashariki mwa Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, kabila dogo lisilofahamika sana nje ya eneo la Musoma. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Mtoto alipewa jina la Kambarage, ambalo katika imani ya Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Alikulia machungani kama watoto wengine wa rika lake, na hadi alipofikisha umri wa miaka 12 hakuwa ameingia darasani.

Mwaka 1934 alipelekwa katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Jambo hili lina uzito kwa mwanafunzi yeyote wa Kiswahili. Nyumbani lugha ilikuwa Kizanaki, na Kiswahili alikikuta shuleni, akajifunza kama anavyojifunza mtoto wa Kisii au wa Turkana hivi leo, kwa vitabu na kwa mdomo wa mwalimu. Miongoni mwa waliomfundisha hapo ni Mwalimu James Irenge, ambaye Nyerere aliendelea kumheshimu hata alipokuwa rais. Mtu aliyekuja kuhesabiwa miongoni mwa wasemaji hodari kabisa wa Kiswahili hakukinyonya kwa titi la mama. Wanaoshikilia kuwa ufasaha wa Kiswahili ni urithi wa watu wa pwani pekee hawana budi kumtafutia Nyerere maelezo.

Kutoka Mwisenge alijiunga na Shule ya Serikali ya Tabora mnamo 1937. Shule hiyo ilikusudiwa kuwaandaa watoto wa machifu na vijana wachache wenye vipawa kwa ajili ya utawala wa kikoloni. Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda. Desemba ya mwaka huo huo alibatizwa katika Kanisa Katoliki akachukua jina la Julius. Baba yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Inafaa kukumbuka kwamba Makerere ya wakati huo haikuwa ikitoa shahada. Ilitoa diploma, na Nyerere alisomea diploma ya ualimu. Vijana waliofika pale kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikuwa wachache, na kila mmoja alijua kuwa ukoo, kijiji na pengine wilaya nzima ilikuwa ikimtazama. Nyerere alisoma kwa bidii maandishi ya mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill. Aliandika insha iliyoshinda tuzo, akitumia hoja za Mill kuhusu utumwa wa wanawake kuchunguza hali ya mwanamke katika jamii yake ya Kizanaki. Ikumbukwe kuwa mama yake mwenyewe alikuwa mke wa tano wa mtemi. Insha ile haikuwa zoezi la maktaba tu.

Alipohitimu mwishoni mwa 1945, milango miwili ilikuwa wazi mjini Tabora. Wa kwanza ulikuwa wa shule ya serikali, pale pale aliposomea, penye pensheni ya uzeeni. Wa pili ulikuwa wa shule ya Mtakatifu Maria, iliyoendeshwa na Mapadri Weupe, ambako mwalimu mkuu, Padri Richard Walsh, alimwalika. Waandishi wa wasifu wake wanasimulia kuwa alipokuwa bado anasitasita, alionywa kwa barua kwamba akienda shule ya misheni miaka yake ya kazi haitahesabiwa katika pensheni ya serikali. Onyo hilo lilimkera badala ya kumtisha, naye akaenda kwa mapadri.

Huu ndio uamuzi wa kwanza. Mtu anaweza kuuona kuwa ni kiburi cha ujana, na kwa kweli kijana wa miaka 23 asiye na mke wala watoto anaweza kumudu kuidharau pensheni. Hata hivyo ulikuwa na matokeo ambayo huenda mwenyewe hakuyatarajia. Mwalimu wa serikali alikuwa mtumishi wa mkoloni moja kwa moja. Mwalimu wa misheni alikuwa na kaupenyo kadogo ka kupumulia, na miaka minane baadaye kaupenyo hako ndiko kalikompa muda wa kuandaa chama cha siasa akiwa bado darasani.

Mtakatifu Maria alifundisha baiolojia kuanzia 1946. Jioni aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila malipo, na wakati huo huo alijishughulisha na tawi la Tabora la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Hapo ndipo mkondo wa maisha yake ulipoanza kujichora: asubuhi watoto, jioni watu wazima, mwisho wa wiki mikutano. Ni ratiba ambayo walimu wengi wa Afrika Mashariki wa kizazi hicho waliijua. Mwalimu alikuwa ndiye mwandishi wa barua za kijiji, mfasiri wa amri za bwana shauri na katibu wa kila chama kilichohitaji mtu wa kushika kalamu.

Kwa msaada wa Padri Walsh na ufadhili wa serikali ya kikoloni, Nyerere aliondoka mwaka 1949 kwenda Uskoti, akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Angeweza kusomea sayansi, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akifundisha, lakini akachagua sanaa. Masomo yake yalikuwa mchanganyiko mpana wa fasihi ya Kiingereza, historia, uchumi, anthropolojia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Aliuchagua mpango huo kwa makusudi ili apate nafasi ya kusoma na kufikiri, badala ya kuzama katika taaluma moja nyembamba. Wale wanaowacheka wanafunzi wa sanaa kwa kuwa eti hawana ujuzi wa kuuza sokoni wangepata shida kumweleza Nyerere wa 1949. Alihitimu Julai 1952 kwa shahada ya Uzamili wa Sanaa, ambayo katika vyuo vya kale vya Uskoti ndiyo shahada ya kwanza. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata shahada katika chuo kikuu cha Uingereza.

Alirejea nyumbani Oktoba 1952. Mtu anayeijua Afrika Mashariki ya miaka hiyo anaweza kulikisia shauku lililomlaki. Shahada kutoka Ulaya ilikuwa ni kitu cha kuonwa kwa macho, na mwenye nayo alitarajiwa kubadilika kimavazi, kimwendo na kimatamshi. Butiama walishuhudia kinyume chake. Nyerere alikuwa amemchumbia Maria Gabriel Magige, naye mwalimu, na kabla ya harusi yao ya Januari 1953 alijitosa katika kujenga nyumba. Alikanyaga udongo na kufyatua matofali kwa mikono yake mwenyewe. Msomi wa Ulaya akionekana na matope hadi magotini! Kwa wengine ilikuwa fedheha. Lakini nyumba ilihitajika na fedha hazikuwepo, na pengine hapana haja ya kutafuta falsafa zaidi ya hapo.

Kilichofuata ni uamuzi wa pili. Alirudi darasani, safari hii katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, iliyojengwa vilimani umbali wa kilomita 20 hivi kutoka Dar es Salaam na kuendeshwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ireland. Alifundisha historia. Hapa ndipo suala la malipo linapojitokeza kwa ukali. Katika utumishi wa makoloni ya Afrika Mashariki, kwa muda mrefu kanuni ilikuwa kwamba Mwafrika mwenye sifa sawa na Mzungu hulipwa sehemu tatu kwa tano ya mshahara wa mwenzake. Shahada moja, chuo kimoja, darasa moja, lakini mishahara miwili. Kenya nako, Mbiyu Koinange aliporudi kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930 na shahada zake, aliukataa ubaguzi wa namna hiyo, naye akaishia kukiongoza chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Nyerere hakujenga chuo. Aliingia Pugu, akafundisha, na hasira yake akaipeleka kwingine.

Aprili 1953, miezi michache tu baada ya kuanza kazi Pugu, alichaguliwa rais wa TAA, akichukua nafasi iliyokuwa ya Abdulwahid Sykes. Kuanzia hapo mwalimu huyu akawa na maisha mawili. Siku za wiki alikuwa mbele ya ubao. Mwisho wa wiki aliteremka vilima vya Pugu kwenda mjini, mara nyingi kwa miguu, kukutana na wenyeji wa Dar es Salaam ambao walikuwa wameijenga TAA kabla yake: wafanyabiashara, makarani na wazee wa Kariakoo na Gerezani, wengi wao Waislamu na wasemaji wa Kiswahili tangu kuzaliwa. Historia iliyoandikwa kwa muda mrefu imewapunja watu hawa. Nyerere aliwakuta na chama, akakaa vibarazani mwao, na kwa vyovyote Kiswahili chake cha darasa la Mwisenge kilipata hapo makali ambayo shule haiwezi kuyatoa. Msomi wa Edinburgh alikuwa mwanafunzi tena.

Mwaka huo wa 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kujihusisha na chama hicho. Wengi waliokuwa na kalamu nzuri walilazimika kunyamaza au kujificha. Nyerere, kwa kuwa mwajiri wake alikuwa misheni, aliweza kuendelea. Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Machi 1955 alisafiri hadi New York kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Uingereza iliwajibika kuitolea hesabu mbele ya baraza hilo. Aliwasilisha madai ya wastani, kwa sauti ya mwalimu wa historia anayeeleza sababu na matokeo, wala si ya mchochezi aliyetarajiwa na maofisa waliokuwa wakimfuatilia.

Aliporudi Pugu, mambo hayakuwa tena yale. Shule za misheni zilipokea ruzuku ya serikali, na mwalimu ambaye picha yake ilikuwa magazetini alikuwa mzigo kwa mwajiri wake. Mwalimu mkuu, ambaye kwa jumla alimheshimu, alimweleza kuwa hawezi kuendelea kuvaa kofia mbili. Achague shule au chama. Hakufukuzwa. Aliombwa kuamua, na hilo pengine lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa anayefukuzwa hupata mtu wa kumlaumu.

Siku hizi, kwa kuwa mwisho wa hadithi unajulikana, ni rahisi kudhani kuwa uamuzi ulikuwa mwepesi. Haukuwa. Machi 1955 TANU ilikuwa chama cha miezi minane, kisicho na fedha, na kilichokuwa kikinyimwa usajili wa matawi katika baadhi ya maeneo. Uhuru ulitajwa kwa makadirio ya miaka 20 au 25. Mkabala na hayo palikuwa na mshahara wa kila mwezi, nyumba ya shule, mke na familia changa, na ndugu wengi wa Butiama waliomtazamia msomi wao. Zaidi ya yote, kazi yenyewe aliipenda. Maisha yake yote yaliyobakia alizoea kueleza kwamba ualimu aliuchagua, ilhali siasa ilimpata kama ajali. Maneno hayo yamerudiwa sana hata yakapoteza ladha, lakini mwezi ule yalikuwa na bei yake katika shilingi. Alijiuzulu.

Baada ya hapo alirudi kwao, na kipindi hiki kifupi hakisimuliwi ipasavyo. Padri mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll aliyekuwa akifanya kazi katika eneo la Musoma, Arthur Wille, alihitaji kujifunza Kizanaki. Aliyemfundisha ni Nyerere. Kwa miezi kadhaa mwenye shahada ya Edinburgh na rais wa TANU alikuwa na darasa la mwanafunzi mmoja, akimweleza mzungumzaji wa Kiingereza namna nomino za Kizanaki zinavyopangika, na akisaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Kazi hiyo ilimpa riziki wakati ambapo chama hakikuwa na cha kumlipa. Vilevile ilimweka kwa mara ya kwanza mbele ya tatizo ambalo wanafunzi wa tafsiri wanalifahamu: dhana iliyozaliwa katika lugha moja itavikwa nguo gani katika nyingine?

Safari ya siasa kuanzia hapo inajulikana, na hapa itapitiwa kwa haraka. TANU ilienea nchi nzima kwa Kiswahili. Katika mikutano yake Nyerere alihitaji mkalimani mara chache mno, jambo ambalo viongozi wa nchi jirani wangelionea wivu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, yeye akiwa Waziri Mkuu. Januari 1962, wiki chache tu baadaye, alijiuzulu nafasi hiyo ili kuzunguka nchi na kuzungumza na wanachama. Desemba mwaka huo jamhuri ilitangazwa naye akawa rais.

Ni katika msukosuko huu ambapo alikuwa akitafsiri Shakespeare. Tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ilichapishwa mwaka 1963 na Oxford University Press. Wapo walioichukulia kazi hiyo kama burudani ya mkuu wa nchi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuiona kwa jicho jingine. Mwaka 1969 alitoa toleo jipya lililosahihishwa, likiwa na anwani ya Juliasi Kaizari. Hapana mwalimu asiyekitambua kitendo hicho. Alikuwa amekusanya daftari lake mwenyewe, akalisahihisha kwa wino mwekundu na kulirudisha. Hata jina la mhusika mkuu halikuachwa na sura yake ya kigeni, bali lilipewa irabu na silabi za Kiswahili. Aliyafuata mapigo ya Shakespeare ya mistari isiyo na vina, wakati ambapo ushairi wa Kiswahili ulikuwa bado unahukumiwa kwa vina na mizani, na mgogoro wa wanajadi na wanausasa ulikuwa haujapamba moto.

Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Anwani hii ingali inazua mjadala madarasani. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, Nyerere akawaweka wengi, na badala ya neno lisilo na makali akatumia mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wengi wameuona huo kuwa ni Ujamaa ulioingizwa kwa mlango wa nyuma. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau kuwa bepari ni neno lililoingia Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara wa kawaida. Nyerere aliyajua yote mawili. Neno lilimpa uaminifu kwa matini na hukumu juu ya matini kwa wakati mmoja. Mfasiri aliyebobea hutafuta maneno ya namna hiyo kwa tochi.

Lakini picha ya Mwalimu haikamiliki bila siku ya 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kuwa wahitimu watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakifanya kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu. Baadhi ya mabango yao yalidai kuwa enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akazungumza kwa ghadhabu isiyo ya kawaida yake. Alitangaza kuwa anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Wapenzi wa Nyerere huisimulia siku hiyo kama ushindi wa maadili. Mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa Pugu katika enzi za tatu kwa tano alipaswa kuona kuwa jambo halikuwa jepesi kiasi hicho. Bila shaka yeye angejibu kuwa tatu kwa tano ilikatwa kwa sababu ya rangi ya ngozi, ilhali asilimia 40 ilidaiwa kwa sababu mkulima wa pamba na kahawa ndiye aliyelipa karo ya msomi. Jibu hilo lina haki ndani yake. Hata hivyo, mwaka 1945 yeye aliachiwa nafasi ya kuidharau pensheni kwa hiari. Vijana wa 1966 hawakuachiwa hiari hiyo. Kujinyima alikokuchagua mwenyewe kuligeuka sheria kwa wengine, na sheria hiyo ilisimamiwa na askari wa kutuliza ghasia.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ilitoka Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake Nyerere alitaka shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha anayokwenda kuyaishi, badala ya kumwandaa kwa mtihani ambao wengi wataushindwa. Shule zikawa na mashamba. Wakenya waliopitia mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na ukipigia debe ufundi, kilimo na sayansikimu, hawana haja ya kuelezwa zaidi jinsi wazo zuri linavyoweza kuishia katika jembe bila somo.

Elimu ya watu wazima ndiyo iliyomvisha Nyerere joho lake halisi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa takriban asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 39, na kiliendelea kushuka. Yale madarasa ya jioni ya Tabora yalikuwa yamepanuka yakawa nchi nzima. Na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, kikisomwa chini ya miembe na wazee ambao, kama Kambarage wa 1934, hawakukizaliwa nacho.

Upande wa pili wa sarafu ni Azimio la Musoma la 1974, lililoagiza kuwa elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kufikia 1977. Watoto walifurika, walimu hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu na kufunzwa ualimu vijijini huku tayari wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Waliitwa walimu wa UPE, na jina hilo likawa kejeli kwa miaka mingi. Ni ajabu iliyoje kwamba ni Mwalimu mwenyewe, aliyefundisha akiwa na diploma ya Makerere na shahada ya Edinburgh, aliyekubali kuwa mtoto wa darasa la kwanza afundishwe na kijana aliyemaliza shule juzi. Bila vijana hao mamilioni ya watoto wangebaki machungani, kama ambavyo yeye alibaki hadi miaka 12. Pamoja nao, thamani ya neno mwalimu ilishuka katika macho ya wengi. Watafiti wa elimu hawajaumaliza ubishi huu.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilikuwa imezichukua shule za misheni. Pugu, iliyomtaka achague, ilikuwa miongoni mwake.

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, na neno lenyewe kung'atuka, lenye asili ya Kizanaki, likabakia katika Kiswahili kama zawadi yake. Alirudi Butiama, akalima na akaandika. Miaka ya mwisho aliitumia kuitunga Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho. Yule aliyetafsiri Shakespeare bila vina alijifunga sasa kwa mizani minane na vina vya utenzi, beti kwa maelfu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo.